"Wanasema tumelaaniwa": tuwaeleweshe vipi majirani kuhusu sindromu ya Down?

Ndugu zangu wa safu ya ushauri,

Salamu kutoka Busia, upande wa Uganda. Nina binti wa miaka sita mwenye sindromu ya Down, hali aliyozaliwa nayo inayomfanya ajifunze polepole. Nilimzaa nikiwa na miaka 24. Akiwa mchanga tulimpeleka hospitali ya Mulago, Kampala, akapimwa moyo, wakatuambia uko sawa. Anatembea, anakula mwenyewe, anawaita watu wote wa nyumbani kwa majina yao, ingawa mgeni hamwelewi upesi anachosema.

Shida yetu ni watu. Sokoni wanasema nilimcheka mlemavu nikiwa na mimba. Wengine wanasema baba yake alimtoa kafara ili biashara yake ya mpakani ishike. Kisimani watoto wanamkimbia kwa sababu mama zao wamewaambia ataambukiza. Mama mkwe wangu anampenda sana, lakini wageni wakija humwingiza chumbani, anasema anamkinga na maneno yao. Na mwalimu mkuu wa shule ya karibu ametuambia tumtafutie "shule ya wenzake". Shule hiyo hapa kwetu haipo.

Sasa ukoo umekaa, tumechanga shilingi 2,000,000. Mpango ni kufanya siku kubwa tarehe 21 Machi: hema, spika, fulana za njano na buluu zenye picha ya mtoto, maandamano kutoka stendi hadi sokoni, daktari azungumze, kisha pilau. Shemeji anataka pia tusambaze picha zake kwenye makundi ya WhatsApp pamoja na namba ya simu, wenye huruma wachangie.

Moyo wangu unasita. Naogopa watu watakula, wataondoka, na kesho yake maneno yatakuwa yale yale. Tufanye nini ili waelewe kweli?

Mama wa watoto wanne, Busia

Dada yetu mpendwa,

Pole kwa maneno hayo, na hongereni ukoo mzima kwa kusimama na mtoto. Moyo wako unaosita, usikilize. Hema na spika vitakusanya umati, na umati utarudi nyumbani na imani ile ile uliyokuja nayo pamoja na huruma kidogo juu yake. Huruma haijawahi kumwandikisha mtoto shule. Tunachokushauri ni hiki: msihubirie mji mzima kwa siku moja. Chagueni watu wachache ambao maisha ya binti yenu yanapita mikononi mwao, na kila mmoja mpeni jambo moja la kufanya. Mtu akishafanya jambo pamoja na mtoto, ni vigumu kwake kurudi kwenye habari za laana.

Wa kwanza ni bibi. Kila mgeni anayeona mtoto anafichwa anaondoka na ushahidi kwamba kuna la kufichwa, kwa hiyo hotuba yoyote mtakayotoa nje, chumba kile kitaikanusha. Msimgombeze. Anachokiogopa ni kukosa jibu mgeni akiuliza, basi mpeni jibu fupi alishike: "Huyu mjukuu wangu alizaliwa na sindromu ya Down. Hujifunza polepole, lakini hujifunza. Msalimie." Hilo la mwisho ndilo kubwa, linampa mgeni kazi. Kisha mpeni bibi na mtoto shughuli ya pamoja ukumbini wageni wakiwepo, kama kuchambua maharage au kupanga vikombe vya chai. Mgeni amkute akifanya kitu.

Wa pili ni mwenye duka, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hatujui njia nzuri kuliko hii ya kuelimisha mtaa. Nenda kwake mwenyewe kwanza, saa ambayo hana wateja. Mwambie binti ataanza kutumwa chumvi. Mweleze kwamba watoto wenye hali hii husikia swali, wakalichakata, kisha wakatafuta neno, na hiyo kazi huchukua muda kuliko kwetu. Kwa hiyo akishauliza "Unataka nini?" anyamaze na kuhesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Watu wengi hurudia swali kabla hata ya kufika tatu, mtoto anaanza upya kulichakata, mwishowe anakaa kimya, nao wanasema hajui kitu.

Siku za mwanzo nendeni pamoja, yeye ndiye atoe sarafu na aseme. Mpe sarafu kamili ili pasiwe na chenji, na kikaratasi chenye picha ya pakiti ya chumvi na neno CHUMVI chini yake kwa herufi kubwa, kama neno litakwama akionyeshe. Akizoea, simama mlangoni. Akizoea tena, simama upande wa pili wa barabara. Msiruke hatua kwa sababu jana alifanya vizuri, na kama kuna barabara ya malori ya mpakani kati yenu na duka, mtu mzima awe naye kila mara. Baada ya wiki kadhaa, wateja wote wa duka hilo watakuwa wamemwona akinunua chumvi na kulipa. Ongezeni jirani mmoja kisimani kwa mtindo huo huo, na kidumu chake cha lita tatu.

Maneno ya laana na kafara yanahitaji maelezo yanayoonekana kwa macho. Tafuteni vizibo vya soda 47. Pangeni 46 mezani wawili wawili, jozi 23. Elezeni kwamba mwili umejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila seli hubeba maelekezo ya kuujenga mwili katika mafungu 46 yaitwayo kromosomu, nusu kutoka kwa mama, nusu kutoka kwa baba. Kisha kizibo cha 47 kiwekeni kwenye jozi ya 21, iwe na vitatu. Waacheni watu wakitazame kabla hamjaendelea. Fungu hilo la ziada huingia wakati yai au mbegu ya baba inatengenezwa, mara chache mara tu baada ya kutunga mimba. Mama hajajua hata kama ana mimba. Kicheko, chakula, mganga au kafara haviwezi kukiweka kizibo hicho, na haviwezi kukitoa. Wala hakimrukii mtoto mwingine kisimani, maana anacho aliyezaliwa nacho tu.

Mkiulizwa historia, jibu lipo. Daktari Mwingereza John Langdon Down aliieleza hali hii mwaka 1866, na mwaka 1959 Jérôme Lejeune na wenzake wa Ufaransa walitangaza kwamba chanzo ni kromosomu ya 21 ya ziada. Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba duniani hupatikana kwa mtoto mmoja kati ya 1,000 hadi 1,100 wanaozaliwa, kwa matajiri na maskini, Waislamu na Wakristo. Hoja hii ndiyo inayoizima ile ya kafara: kama ni bei ya utajiri, mbona iko kila mahali kwa kiwango kinachokaribiana?

Maswali mawili yatakuja, jiandaeni. La kwanza: "Ni upande wa nani, wa mama au wa baba?" Msiingie huko mbele ya watu. Fungu la ziada linaweza kutoka upande wowote, hakuna aliyelifanya, na ukitaja hesabu za upande upi umempa mtu fimbo ya kumpigia mke. La pili: "Si ni kwa sababu ya kuzaa ukiwa mzee?" Umri huongeza uwezekano, hilo ni kweli: kwa mama wa miaka 20 ni karibu mtoto mmoja kati ya 1,500, kwa wa 35 mmoja kati ya 350, kwa wa 40 mmoja kati ya 100. Lakini wanawake vijana ndio wanaozaa watoto wengi zaidi, kwa hiyo watoto wengi wenye hali hii mama zao ni vijana. Wewe wa miaka 24 ni mfano tosha.

Kwenu ninyi wenyewe, kama mnafikiria mtoto mwingine: kwa aina ya kawaida, ambayo ni karibu 95 kati ya 100, uwezekano wa kurudia ni kama mmoja kati ya 100, au ule wa umri wa mama kama ni mkubwa zaidi. Ipo aina nyingine, watatu au wanne kati ya 100, ambapo kipande cha kromosomu ya 21 kimeshikana na kromosomu nyingine, na hiyo mzazi anaweza kuibeba bila kujua. Kipimo cha kromosomu cha mtoto ndicho kinachotofautisha. Muulizeni daktari wa watoto kabla ya mimba ijayo, si baada.

Sasa, kuna mahali pamoja penye kazi kubwa kuliko pilau: siku za chanjo kwenye kituo cha afya. Watoto wa Uganda huchanjwa wakizaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na mama zao hukaa benchi kwa saa nyingi wakisubiri. Mwombeni mkunga mkuu wa kituo cha afya cha ngazi ya tatu (III) dakika kumi kila mwezi, siku ya chanjo ya wiki ya 6, mfike pamoja na mhudumu wa afya wa kijiji, yule wa VHT. Sababu ya kuchagua wiki ya 6 ni moyo. Karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo, na ile iliyo ya kawaida zaidi kwao, tundu kubwa katikati ya moyo, hurekebishwa vizuri katika miezi sita ya kwanza hivi. Ikicheleweshwa, shinikizo la damu kwenye mapafu hupanda hadi mishipa ikaharibika, na hapo upasuaji huweza kuwa hauwezekani tena. Mtoto anaweza kuonekana mzima, na daktari asisikie sauti yoyote kwenye kipimo cha kifuani, hata kama tundu lipo. Kwa hiyo kila mtoto anayeshukiwa apimwe moyo kwa mashine ya mawimbi ya sauti, hata anyonye na kunenepa vipi. Taasisi ya Moyo ya Uganda iko pale pale Mulago.

Waambieni kina mama dalili za kumwuliza mkunga: mtoto amelegea mwili mzima akibebwa, macho yamepanda pembeni, kisogo ni bapa, masikio madogo, nafasi pana kati ya kidole gumba cha mguu na kinachofuata, mstari mmoja unaokatiza kiganja. Semeni wazi kwamba dalili moja peke yake haithibitishi. Wapo watu wengi wazima wenye mstari mmoja kiganjani. Na semeni zile za kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo: midomo kuwa ya buluu, kutapika nyongo ya kijani, kupumua mbio na kutoka jasho wakati wa kunyonya.

Kwa viongozi wa dini, nenda na mumeo na mzee mmoja wa ukoo, na mkubaliane mapema mambo mawili. Sheikh au mchungaji aseme kwa kinywa chake kwamba mtoto huyu si adhabu, maana wengi watalipokea kutoka kwake kuliko kwenu. Na asimwite mtoto mbele kumwombea apone. Hili la pili ndilo linaloharibu mara nyingi. Watu wakiona maombi ya uponyaji, halafu mwezi ukapita mtoto yuko vile vile, wanahitimisha kwamba laana ni nzito au wazazi hawana imani. Dua ya afya njema mwombeeni kama mnavyomwombea mtoto yeyote.

Shule. Usianze na sheria, ingawa iko upande wako: Katiba ya 1995 inampa kila mtu haki ya elimu katika ibara ya 30 na inalinda heshima ya watu wenye ulemavu katika ibara ya 35, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 inakataza kumbagua mtoto shuleni kwa ulemavu wake. Mwalimu mwenye darasa lililojaa anaogopa mzigo asioujua, basi mpunguzie woga. Andika ukurasa mmoja tu: anachoweza, kinachomsaidia, cha kuangalia. Akae mstari wa mbele. Apewe agizo moja kwa wakati mmoja, kisha asubiriwe. Hujifunza kwa kuona kuliko kwa kusikia, kwa hiyo kadi za picha na maneno mazima zinamfaa, na ishara za mikono hazimzuii kusema, humsaidia. Kwenye michezo asipinduke kichwa chini wala kujiviringisha kwa shingo, maana kwa baadhi yao viungo vya juu vya shingo vimelegea. Akianza kuyumba anapotembea, kuinamisha shingo upande, au kujikojolea wakati alishaacha, apelekwe hospitali.

Kabla ya kwenda kwa mwalimu, mpimishe masikio na macho. Maji hujikusanya nyuma ya ngoma ya sikio kwa wengi wa watoto hawa bila maumivu yoyote, na mtoto asiyesikia vizuri huitwa mkaidi. Pima pia homoni ya tezi ya shingo, kwa damu, kila mwaka. Ikipungua mtoto huzubaa na kunenepa, watu wanasema "ndiyo hali yake", kumbe ina dawa. Kazi kama hizi ndizo pesa yenu ya kuchanga ingelipia kwanza, pamoja na nauli ya hospitali ya rufaa ya Mbale.

Kwa mwalimu mkuu omba muhula mmoja wa majaribio, na tarehe ya kukaa tena kuangalia maendeleo. Akikataa, mwombe kwa adabu aandike sababu na kutia sahihi. Wengi hulegea hapo. Asipolegea, barua hiyo ipeleke kwa ofisa wa elimu wa wilaya, nakala kwa madiwani wa watu wenye ulemavu. Kila baraza la wilaya na la kaunti ndogo nchini lina wawili, mwanamke na mwanaume, na kazi yao ni hii.

Na tarehe 21 Machi? Iadhimisheni, ndiyo Siku ya Sindromu ya Down Duniani, na ina maana yake: kromosomu ya 21, mara tatu, mwezi wa tatu. Ilianza kuadhimishwa 2006, na Umoja wa Mataifa umeitambua tangu 2012. Ila iwe ndogo. Fulana za njano Uganda zitasomwa kuwa za chama cha NRM, za buluu za chama cha FDC, na kabla hamjafika sokoni mtakuwa mkutano wa siasa. Vaeni nguo zenu. Kwingineko watu huvaa soksi zisizolingana siku hiyo, lakini msiwaombe watoto wa shule ambao baadhi yao hawana soksi hata za kulingana. Maandamano yaacheni. Mkitaka kutumia spika, mwandikieni mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na polisi mapema. Tangazo la asubuhi kwenye bizindalo, zile spika za matangazo za mtaa, linatosha: sentensi tano, kwa Kiswahili na Kisamia, saa ambayo kila mtu yuko uani. Daktari akija, mwombeni aanze na kile ambacho watoto hawa hufanya wakilelewa vizuri, magonjwa yafuate. Akianza na orodha ya kasoro, hakuna atakayesikia kingine.

Shemeji yako ana nia njema, lakini picha zile hapana. Picha ya msichana mwenye ulemavu wa kujifunza, pamoja na mji, shule na namba ya simu, inamwambia mtu mbaya pa kumpata. Pia mkishaomba pesa mara moja, kila mazungumzo yenu na majirani yatadhaniwa ni ya kuomba. Mtu akitaka picha, iwe ya vizibo 47 mezani.

Jambo moja lipangwe kabla ya yote hayo. Mkianza kuzungumza hadharani, usiku mmoja mama ambaye hamkujua atagonga mlango akiwa na mtoto mgongoni. Wapo waliofichwa hata mtaani kwenu. Muwe na karatasi tayari: siku za kliniki ya watoto kwenye hospitali za Masafu na Mbale, jina la mhudumu wa VHT, ofisi ya ofisa wa maendeleo ya jamii kwenye kaunti ndogo, na nauli ya safari moja iliyotengwa kwenye ule mchango. Mtoto akiwa chini ya miezi sita, msimwambie arudi wiki ijayo. Asubuhi yake mmoja wenu aende naye kituo cha afya, akadai barua ya rufaa ya kupimwa moyo, na asiondoke bila barua hiyo mkononi.